Mupaka Wenye Kuchipuka

Neema, mujukuu wangu,

Huku Bukavu tuko muzuri. Koko maman, bibi yako, amerudia korali, sasa anaimba hata akisonga bugali.

Unauliza kama inafaa usomee urbanisme, kazi ya kupanga miji, wakati hapa kila mutu anajenga pale anataka. Inafaa sana.

Kazi yangu ya kwanza, nikiwa kijana, ilikuwa kulinda ravini moja, njia ya maji ya mvua, watu wasijenge ndani. Tulipanda borne za beton, nguzo za kuonyesha mupaka. Watu wakazing'oa, wakajenga, mvua ikabeba nyumba. Ndipo nikakumbuka kwetu Mudaka: kati ya mashamba tunapanda miti midogo ya mupaka, na hata jirani mwenye hasira haigusi, kuing'oa ni haya kubwa. Nikaleta matawi ya miti hiyo kutoka shamba la mama. Wenyeji wakayapanda wao wenyewe, wakiniambia: "Sasa hii tunaelewa!"

Juzi mvua ilinyesha vibaya sana. Miti ingali pale, maji yakapita mu njia yake, na watu wakalala usingizi.

Kwa hiyo soma, usiogope. Ukikuja vakansi ya masomo, nitakukatia matawi yako ya kupanda.

Koko wako