Mwenye Kadi na Mgeni Mmoja

Jumatatu, 2 Februari 2026

Wanjohi kanyimwa visa. Pasipoti yake imebakiza miezi minne na India wanataka sita. Shemeji yangu ana miaka thelathini na minane na hajawahi kusoma tarehe kwenye pasipoti yake mwenyewe! Ndiye aliyekuwa ampeleke mama yao kwenye upasuaji. Mlango mmoja wa moyo wa Mama Magdalene haufungi vizuri. Hospitali ya Mumbai imempangia Jumanne ijayo, tarehe kumi, na daktari wa hapa kasema nafasi hiyo isipotee.

Kikao kwetu Migosi, hapa Kisumu, saa kumi na moja. Mke wangu Lorna na tumbo lake la wiki thelathini na nne — ndege hazimchukui tena. Wanjohi kainamisha kichwa. Halafu macho yote kwangu.

Lorna akasema mimi ndiye kiguu na njia wa familia. Na nina ile kadi.

Ile kadi! Miaka sita ya kutengeneza mashine za maabara Kigali, Lilongwe, Lusaka, mpaka shirika la ndege likanipa kadi ya dhahabu. Lorna huiita mke mwenza. Leo kaigeuza dada yake wa toka nitoke. Akawahesabia wenzake: foleni yake mwenyewe, begi la ziada, siti za mbele, na lounge, ile sebule ya wenye kadi, ambapo mwenye kadi anaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja.

Mgeni mmoja, ndiyo. Sikuwahi kuota kwamba mgeni huyo angekuwa mama mkwe wangu.

Nimekubali. Ningesema nini? Tangu waondoke nazunguka nyumba nikitafuta chaja niliyoishika mkononi.

Jumanne, 3 Februari



Marehemu Baba alinifundisha mapema. Mama mkwe hukai naye karibu. Humwangalii usoni. Huli mbele yake, wala yeye hali mbele yako. Aliyekuzalia mke anaheshimiwa kwa umbali. Baba mwenyewe, akimwona mama mkwe wake soko la Kombewa, alikuwa anavuka barabara hata kama aliyekuwa anamtafuta yuko upande ule. Miaka kumi na mmoja nimeishika sheria hiyo. Kwa Mama Magdalene, pale nyuma ya duka lake la misumari na rangi Kibuye, nakula uani na wanaume. Chai nanywa nimesimama, nje, nusu kikombe, halafu naaga.

Sasa saa moja angani mpaka Nairobi, halafu sita mpaka Mumbai. Bega kwa bega? Haiwezekani.

Nimepata dawa. Nimekata tiketi mbili mbalimbali, buking mbili. Yeye nimemweka siti ya nne, mbele, dirishani. Mimi ishirini na moja, karibu na choo. Mwenye kadi ya dhahabu karibu na choo! Lakini heshima imelindwa. Nimeifungua ile ramani ya siti kwenye simu kama mara kumi kuhakikisha hatujasogezwa.

Visa zetu nimeziomba mtandaoni. Naangalia simu kila dakika tano. Lorna kaniambia niiweke chini kabla hajaitupa kwenye sufuria ya maharagwe.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda Kombewa kumuaga Mama. Mama yangu, Perez, alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, nje, na hakuacha kuanika nilipokuwa nasema.

Kasema kumsindikiza mkwe mgonjwa ni jambo jema, nibebe begi lake, nisimwache aanguke. Lakini kula naye, hapana. Chira haichagui nchi. Mtu akivunja mwiko, laana inamfuata yeye au watoto wake, na Lorna ana mtoto tumboni. Nikamuuliza: na ndani ya ndege, ambapo chakula kinaletwa kwa wote pamoja? Akageuza omena. Akasema nijifanye nimelala.

Nimerudi nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyokwenda.

Alhamisi, 5 Februari

Visa zimetoka. Zote mbili!

Nikampelekea Mama Magdalene karatasi zake Kibuye. Nikasimama mlangoni, macho chini. Kanikaribisha ndani. Nikasema nina haraka. Kaniletea chai, nikainywa barazani, nusu, nikaweka kikombe ukingoni. Aliitazama ile nusu iliyobaki kwa muda mrefu. Uso umemvimba kidogo, na kila hatua tatu anasimama kupumua. Akasema asante, Baba Ajwang. Siku zote ananiita kwa jina la binti yetu.

Nimefanya kila kitu sawasawa. Mbona basi sikai nikatulia?

Ijumaa, 6 Februari

Siku mbaya.

Mama Magdalene haendi. Kampigia Lorna simu asubuhi: afadhali afie Kibuye kuliko kubebwa mpaka India na mtu anayemwonea kinyaa.

Kinyaa! Mimi!

Lorna kaniweka kitako. Kwamba mama yake anajua nimekata tiketi mbalimbali — Wanjohi aliziona zile karatasi. Kwamba mama yake amehesabu kila kikombe nilichokiacha nusu tangu tuoane. Mwaka wa 2008, kwenye ghasia za uchaguzi, duka lao lilichomwa na majirani Wajaluo waliokuwa wakinunua misumari kwake. Alikimbilia kwao Nyeri, akarudi, akajenga upya palepale. Halafu binti yake akaolewa na Mjaluo ambaye hawezi kumaliza chai yake. Nilitegemea awaze nini?

Nikasema ni heshima. Nikasema mbona hukumweleza ni mila yetu?

Lorna akasema polepole kwamba alimwambia mama yake mimi nina haya tu. Miaka kumi na mmoja ya haya! Alidhani akitaja mila, mama yake angesikia ukabila.

Na mimi? Mimi sikuwahi kusema neno. Jambo la mama mkwe hulizungumzi na mama mkwe, hiyo ndiyo maana yake! Kumbe kimya changu kilikuwa kinamtukana kila Jumapili.

Alasiri Lorna kaenda Kibuye, tumbo mbele, akalia huko. Magdalene kakubali kusafiri. Lakini kwa sababu ya machozi ya mtoto wake tu, si kwa ajili yangu. Hilo alisema nalo niambiwe.

Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena. Nimeona aibu kubwa leo.

Jumamosi, 7 Februari

Uwanja wa ndege Kisumu, saa sita na nusu. Naandika haraka, tumekaa tukisubiri kuitwa. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Kwenye kaunta begi lake likawa kilo thelathini na moja. Tiketi yake ni ishirini na tatu. Nduma, unga wa uji, majani ya chai, sufuria ndogo — kasikia wagonjwa wanakodi chumba Mumbai na kujipikia. Sikujali, nikatoa kadi. Ina begi la ziada!

Yule dada wa kaunta, beji yake imeandikwa Kageha, akaigeuza kadi, akaangalia skrini. Kadi inamfaa mwenyewe na wale walio kwenye buking moja naye. Huyu mama yuko peke yake.

Mama Magdalene hakungoja. Akapiga magoti pale pale, pumzi inamkata, akaanza kufungua begi mbele ya foleni nzima. Nduma sakafuni. Gauni lake la kulalia sakafuni! Sikujua niangalie wapi. Mtu wa kwetu haoni gauni la kulalia la mama mkwe wake. Nikageukia ukuta kama mjinga badala ya kumwinua.

Kageha akauliza, si kwa ubaya, "Sasa Mzee, mbona buking ni mbili na nyinyi ni family?"

Mama Magdalene ndiye aliyejibu, akiwa bado chini na nduma mkononi.

"Hapendi kukaa karibu na mimi. Ni vile tu amelazimishwa."

Foleni nzima ilisikia.

Nikapiga magoti. Nikarudisha nduma moja moja, na gauni pia, nikalikunja. Nikamwambia Kageha atuunganishe. Akabonyeza, akapiga simu, akabonyeza tena. Begi likapita. Akabandika kile kibandiko cha wenye kadi, akatuandikia siti: 4A na 4C, hakuna B katikati. Ubavu kwa ubavu mpaka Nairobi, na tena mpaka Mumbai. Akatutakia safari njema ya kifamilia.

Mama Magdalene kakaa viti vitatu kutoka hapa. Wanaita wenye kadi kwanza. Wenye kadi na walio nao.

Jumamosi hiyohiyo, Nairobi, saa tisa na dakika kumi

Siti ya nne. Nilijibana mpaka ubavu ukauma. Ndege ilipoanza kukimbia akashika kile cha kuwekea mkono, kisha ilipoinuka akashika shati langu, kwenye kiwiko, kwa ngumi. Ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Sikuondoa mkono. Nikatazama dirishani, yaani nikatazama kupita pua yake: ziwa, magugumaji kijani kibichi mpaka ufukwe wa Dunga, mapaa ya mabati. Akasema taratibu kwamba kutoka juu huwezi kujua duka lilichomwa wapi. Sikujua kama alikuwa anasema nami.

Chakula kilipoletwa, nikajifanya nimelala. Ushauri wa Mama! Nilisikia akirudisha cha kwake bila kukifungua.

Sasa tuko lounge. Kwanza nilijaribu ujanja wa mwisho. Mlangoni nikasema mama ataingia kama mgeni wangu, mimi nitangoja nje. Msichana akasema haiwezekani, mgeni anakuwa ndani wakati mwenye kadi yuko ndani. Mwenye kadi akitoka, mgeni anatoka. Hakuna mzee wa kwetu aliyewahi kutunga sheria kali kama hiyo.

Tumeingia. Viti laini, chakula kimepangwa, wali, kuku, sambusa, matunda. Nimemwonyesha, nikaja kukaa meza ya pili, mgongo nusu kwake, daftari limefunguliwa.

Saa tisa na nusu

Hajala. Dawa yake ya moyo ni saa tisa, na lazima baada ya chakula. Daktari aliandika kwa herufi kubwa. Ndege ya Mumbai inaitwa saa kumi. Pakiti ya dawa iko mezani mbele yake, hajaigusa. Midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu. Amekaa na mkoba mapajani kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Nimeinuka, nimekaa. Nimemwendea nikasimama kwa mbali, nikamwambia, macho kwenye kapeti, Mama, chukua chakula, dawa imechelewa.

Akasema hali peke yake mbele ya watu kama mwizi.

Nimerudi hapa. Nimwite mtu? Nimpigie Lorna? Atalia tu, na mtoto yule tumboni. Nimpigie Mama Kombewa? Jibu lake nalijua.

Saa tisa na dakika arobaini na tano

Ameinuka mwenyewe. Alisimama mara mbili kupumua kati ya meza na chakula. Amekuja kwenye meza yangu. Si ile yake, yangu. Ameweka sahani moja katikati. Sambusa moja, peke yake, kwenye sahani kubwa. Amekaa mbele yangu.

Sikuwa na pa kugeukia. Nikaifunga kalamu, nikasema yote. Nilianza vibaya, nikarudia. Kwamba kwetu mtu hali pamoja na mama mkwe wake. Kwamba Baba alikuwa anavuka barabara. Kwamba kila kikombe nilichokiacha nusu nilikiacha kwa kumheshimu, na nilitamani kukimaliza, chai yake ni nzuri kuliko ya nyumbani. Kwamba siti ya mbele nilimpa yeye nikachukua ya chooni. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya ile sakafu ya Kisumu. Na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Ana kovu dogo kwenye nyusi, sikulijua.

Akaiweka pakiti ya dawa mezani.

"Kwa hivyo hiyo yote ilikuwa heshima," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Baba Ajwang, mimi nilikuwa najua ni chuki. Chuki najua kuishi nayo. Hii heshima yenu sasa imeniachia nini? Mtu wa kula na yeye sina."

Akaikata ile sambusa katikati kwa vidole. Nusu akaisogeza upande wangu. Nusu yake hajaigusa. Ametoa kidonge kwenye pakiti, amekiweka kando ya sahani. Anangoja. Kasema hatameza mpaka nile, na nikimaliza kuandika nitamkuta hapahapa.

Nimefungua daftari tena ili mkono uwe na kazi. Namwona Mama anageuza omena. Namwona mtoto ambaye hajazaliwa. Namwona pia huyu aliye mbele yangu, jasho juu ya mdomo, mkono wa kushoto umebana kifua, na bado ananitazama wala hapepesi.

Wanatangaza Mumbai. Wenye kadi ya dhahabu na walio nao.

Mwandiko umeharibika hapa kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia una nusu yangu ya sambusa, naupeleka mdomoni.