Shikamoo kwa Mgomba wa Bibi

Dada Devota, shikamoo kutoka Bugomora, ambako jana niliuomba mgomba msamaha.

Nilikata jani la kufunikia matoke, Bibi akapiga kelele, "We! Umemnyoa Emanueli bila ruhusa?"

Kumbe ile migomba mitano nyuma ya jiko ni wadogo zake waliouawa kijijini kwao Burundi wakati wa vita. Alipona yeye peke yake. Kila asubuhi anaisalimia kwa majina, na ule mvivu wa kuzaa anaugombeza.

"Haya, mwombe radhi!"

Majirani wakitazama, nikauambia mgomba, "Shikamoo babu. Samahani."

"Marahaba!" Bibi akajibu kwa sauti ya kitoto, akacheka hadi akakaa chini. "Alichukia wembe huyo! Mama alimkimbiza uwanja mzima." Kisha akauliza, "Nikifa, nani atawasalimia?"

Nikasema, "Mimi," kwa sauti hadi kuku wakashtuka.

Kwa hiyo nakuja na chipukizi la Emanueli. Chimba shimo karibu na bafu, na umwamkie bila kucheka, ingawa babu yetu huyu hakuvuka miaka saba.

Mdogo wako anayekukumbuka hata unavyokoroma,
Editha