Gari Halichajiwi, Shemeji Anaitwa Mwizi

Mpendwa Mama Ineza, shikamoo. Naomba unisaidie kwenye safu yako ya gazeti, maana nyumbani kwangu Bugarama nimebaki mimi na gari tu. Mwaka huu nilinunua gari la familia la haibridi, lile lenye betri kubwa ya kuchaji kwenye soketi, dalali akaniapia linakwenda kilomita hamsini kwa lita moja, nami nikatangaza hivyo nje ya kanisa hadi wazee wa kigango wakalizunguka wakilishikashika, lakini wiki ya kwanza tu nikaona lita haifikishi hata kilomita kumi na mbili, na kwa kuwa Malongo, kaka wa mke wangu Nshoma, ndiye aliyekuwa akiliosha, nikaamini ananyonya mafuta kwa mpira, nikanunua mfuniko wa tangi wenye kufuli, mafuta yakazidi kuisha, nikajua amechonga ufunguo wake, ndipo siku ya ubatizo wa mwanetu, watu wakiwa wanakula, nikasimama nikamwambia, "Shemeji, gari langu siyo ng'ombe wa kukamuliwa."

Malongo akaweka sahani chini. "Shemeji, kwako nimekula mara ya mwisho," akasema, akaondoka, na Nshoma akabeba mtoto akamfuata hadi kwao Nemba.

Juzi nimelipeleka gari kwa fundi Biharamulo, akafungua buti, akakuta waya wa kuchajia bado uko ndani ya nailoni, akaniuliza, "Mzee, umelichaji mara ngapi?" nikamjibu sijawahi, naogopa litamaliza uniti za umeme kwenye luku, akacheka mpaka akakalia tairi. Sasa Nshoma hapokei simu. Nimtume paroko, au nianze kumshtaki dalali?

Telesfori, Bugarama

*

Telesfori, marahaba. Pole kwa upweke. Kwa mengine sikupi pole.

Ulinunua gari la umeme na petroli, ukalinyima umeme, likanywa petroli, ukamkamata shemeji! Betri isiyochajiwa ni mzigo, nawe umekuwa ukiupandisha milima ya kwenu Ngara kila siku. Hizo kilomita hamsini anazipata anayechaji kila siku na kwenda safari fupi. Dalali alikuficha hilo, kweli, lakini kwenye ubatizo dalali hakuwepo. Aliyesimama ni wewe.

Paroko mwache na kazi zake. Nenda Nemba mwenyewe, tena kwa basi, wasije wakadhani umeenda kuwaonyesha gari. Mtafute Malongo kabla ya mkeo, umwambie mbele ya wazee wao: "Sikuibiwa. Nilikusingizia." Usiongeze "lakini." Habari za betri usizieleze, hakuna atakayekuuliza. Akikufukuza, rudi kesho yake. Kisha waite wote waliokula siku ile, useme hivyohivyo mbele yao. Na gari ulichomeke kila jioni, luku ikiisha utanunua nyingine.

Nshoma naye aliniandikia, kabla yako. Gari hakulitaja hata mara moja. Anasema baba yao alipofariki, Malongo aliacha shule ili yeye asome. Ameniruhusu nikuambie kwamba anakusubiri hadi Jumapili.

Leo ni Alhamisi, Telesfori, nawe bado unasoma gazeti.