Kitambaa Nilichoogopa Kumpa Mtoto Wetu

Mpenzi Baba Minza,

Kwa kuwa huwezi kunijibu, nitakueleza yote. Kifua kilichokuondoa duniani kimenipata na mimi. Wamesema ni TB sugu. Nimetengwa kwenye chumba cha uani kwa dada yangu hapa Shinyanga, na Minza wetu analala nyumba kubwa. Tunaonana dirishani.

Unakumbuka Katoro, ulivyokuwa ukirudi kutoka kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, vumbi limekujaa hadi kwenye kope? Siku moja ulinitolea mfukoni nyuzi za rangi ulizoninunulia sokoni. Nikadarizi vitambaa vya makochi, maua yaleyale ya kufuatisha karatasi, kama wanawake wote wa mtaani. Ukaniuliza, "Kwani wewe hujui kitu kingine zaidi ya maua?" Nilinuna siku nzima.

Humu ndani sina karatasi ya kufuatisha. Mwanzoni nililala tu nimeutazama ukuta, nikisikiliza kifua changu, naogopa kila pumzi. Halafu dada akanipitishia shuka la zamani, sindano na nyuzi. Nikaanza na karasha. Nikakuweka wewe pembeni yake, kijivu mwili mzima, macho tu ndiyo meusi. Nikashona mvua inavyoingia Segese kwa mama yako, na ng'ombe wake mwekundu. Sikujua kama mikono yangu inaweza hivyo. Nikishona, hofu inapungua. Nikiweka sindano chini, inarudi.

Minza akakiona kitambaa hicho kupitia dirishani. "Mama, naomba kile kitambaa." Nikakataa. Nilikuwa nimekipumulia muda wote huo, nimekikoholea. Akaondoka analia.

Nikamuuliza nesi anayeniletea dawa. "Ugonjwa huu unapita kwenye hewa, Mama Minza, haukai kwenye nguo," akasema. "Kifue, kianike, mpe mtoto."

Nilikifua, nikakianika juani, nikakifua tena mpaka ng'ombe akachuja rangi. Hata hivyo, nilipokipitisha dirishani nilikishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

Alikitandaza uani. "Huyu ni baba," akasema, na hakuna aliyemwambia. Kisha akalaza shavu pale ulipo. Nilitaka kumpigia kelele atoe uso wake. Nikauma mdomo, nikamwacha.

Vipimo vyake vimetoka safi, ingawa atapimwa tena. Na vyangu vinaelekea pazuri. Nesi anasema nikiendelea hivi, karibuni nitaruhusiwa kurudi nyumba kubwa. Nilidhani nikisikia maneno hayo nitacheka. Badala yake niliutazama mlango, nikaogopa. Nje ya mlango huu kuna Minza, na najua atanikimbilia na kunirukia shingoni. Ninaiwaza siku hiyo kila ninapoamka, mume wangu, na mpaka sasa sijui kama nitamkumbatia au nitageuza uso.

Pumzika. Huku bado tupo.

Mkeo,
Mama Minza