Vijidudu Alivyovichemsha Gradi

Kamwokya, Kampala,
14 Agosti 2016.

Mpendwa kaka Mumbere,

Pokea salamu zetu nyingi katika jina la Bwana. Hamjambo wewe na wifi? Kikohozi cha mama kimetulia? Sisi huku tu wazima, tena wazima wa kuchekacheka, na sababu ndiyo hii ninayokuandikia.

Unakumbuka nilivyokulilia kwenye simu juu ya mpwa wako Princesse. Ile baridi yabisi ya watoto ilimfunga magoti yote mawili, hayakunjiki. Asubuhi nilimbeba mpaka chooni, mtoto wa miaka saba. Niliogopa sana kwamba atabaki hivyo.

Daktari Ajok anamdunga sindano kila wiki. Mwezi wa tano akaongeza vipakiti vya unga wenye vijidudu hai, vile vinavyosaidia tumbo, tuuchanganye na maziwa baridi. Alisema wazi kwamba ni nyongeza tu, sindano isiachwe, na hana hakika utasaidia kiasi gani.

Sasa sikia ya shemeji yako. Tangu kipindupindu cha kule kambi ya wakimbizi, Gradi hanywi hata chai ya jirani kabla ya kuuliza kama maji yalitokota. Aliposikia ndani ya unga mna mikrobe, akaukoroga kwenye maziwa na kuyachemsha mpaka yakafurika. Kila siku! Mimi niko sokoni Kalerwe nauza nyanya zangu, sina habari. Tuliporudi kliniki akaieleza kazi yake kwa fahari kabisa.

"Baba Princesse," daktari akasema, "hii wadudu nilipea nyinyi mzima. Sasa wewe unapika yote?"

"Dokta, kwetu mikrobe tunaiua."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Tukapewa vipakiti vingine, na sasa maziwa nachanganya mwenyewe.

Ni sindano, ni unga, au ni vyote? Daktari haapi, nami sibishani. Ninachojua, uvimbe umeshuka.

Hapa mtoto wa kike humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, na mama mwenye nyumba alishanisema kwamba simfundishi wangu adabu. Jumamosi mama huyo alipoingia uani, Princesse alishuka kwa magoti yote mawili, akamsalimu, akainuka bila kushika ukuta. Yule mama akaitikia, kisha akaniuliza kwa nini salamu tu inaniliza.

Nisalimie mama, wifi na Victoire. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kavugho