Kwenda kwa Karanja

Karanja, rika langu,

Katika Ruiru yote, hata ukiongeza na Thika juu yake, mtu wa kwanza kujua maana ya neno mazingira ni mimi. Wajukuu wangu nimewaambia hivyo mara nyingi, na mzee mmoja wa kanisa aliniamini mpaka akanipisha kiti cha mbele. Ni uongo. Neno hilo nililijua nikiwa tayari na mvi, na kabla ya hapo nilikuwa nimelitafsiri ovyo mbele ya mama yako, nusu kwa ujinga, nusu kwa makusudi. Ulizikwa Jumamosi bila kuambiwa. Kwa hiyo keti, kama huko kuna viti.

Nianze na wivu, maana ndio ulioshika hii kalamu. Darasa la nne tuliketi dawati moja, na kwa hesabu nilikuwa nakupita. Ulikuwa ukichungulia daftari langu. Usikatae, huna tena wa kukutetea. Mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari, shule yetu ikafungwa. Wewe ulikuwa na mjomba Thika aliyekutafutia nafasi kwa wamisheni. Mjomba wangu mimi alikuwa na koti tu.

Hilo koti unalikumbuka. La sufu, jeusi, alilopewa na Mzungu aliyekuwa akimpikia, naye akaniachia mimi. Ulipopata nafasi ya kwenda India ulikuja kuliazima kwa ajili ya picha ya pasipoti, tukaenda wote kwa Mhindi wa picha pale Thika, karatasi za ruhusa mfukoni, maana siku hizo hata kutoka Ruiru mpaka Thika ilikuwa safari ya kuombewa. Mikono ya koti ilikufikia vidoleni. Mhindi akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, na mbele ukaonekana bwana mkubwa. Hata nilikuchukia kidogo, jinsi koti langu lilivyokupenda. Tulipotoka nje uliniambia, "Njuguna, una jambo lako moja kwangu. Lolote utakaloniomba, siku yoyote."

Sikulidai. Nililiweka.

Tukateremka mpaka maporomoko ya Chania. Ng'ambo, Wazungu walikuwa wakinywa chai kwenye nyasi. Mimi nilitazama keki, nikahesabu vipande na midomo, nikaona hesabu haitatufikia. Wewe uliwatazama muda mrefu, kisha ukaniuliza, "Hawa wanakunywa tangu tufike. Wanakojolea wapi?" Nilicheka mpaka mtunza bustani akatufukuza kwa reki. Wewe hukucheka. Ulikuwa unauliza kweli.

Ukaenda. Mimi nikabaki katika kile kijiji tulimokusanywa na serikali, nyumba zimesongamana kama maharagwe kwenye gunia, vyoo vichache, na maji ya kunywa ni yale yale ya mto. Dada yako mdogo Wambui alikuwa ameshakufa humo, kwa kuhara, kabla hujaondoka. Hilo sina haja ya kukukumbusha. Nalitaja kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Barua zako zilifunguliwa kwanza ofisini kwa serikali, na yule mfunguaji Kikuyu hakukijua, kwa hivyo uliandika Kiswahili ili zisikawie. Mama yako Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi. Basi Maitu, nami nilimwita hivyo kama wewe, aliniita mimi nisome na kugeuza. Alikuwa akialika watu. Alipika uji, akatoa viti, na wanawake wakaja na vikapu vyao wakisuka huku wakisikiliza, na Nyakio miongoni mwao. Unamjua Nyakio. Kila nikitamka neno India alikuwa akivuta pumzi, na mimi hapo nimesimama mbele yake, mzima, sijavuka hata Mto Thika. Nilionea wivu mpaka stempu.

Siku moja uliandika kwamba umechaguliwa kusomea digrii ya uhandisi wa usafi wa maji na mazingira. Digrii nilijua. Uhandisi nilijua ni uinjinia. Usafi na maji hata mtoto anajua, lakini mazingira? Kwanza nilidhani umeandika mazingaombwe ukakosea, nikaogopa kwa niaba yako, mtoto wa mama mlokole. Watu wananingoja. Kusema sijui, mbele ya Nyakio, singeweza. Chini ya barua ulikuwa umechora shimo, na kuta zake, na bomba limesimama, na mshale. Nikatazama ule mchoro na moyo wangu mbaya ukafurahi.

"Anasema amevuka bahari," nikawaambia, "kwenda kusomea choo."

Nyakio alicheka. Karanja, kwa muda wa mtu kumeza uji mara mbili, nilikuwa mfalme wa Ruiru. Vikapu vilianguka. Mama mmoja akauliza kama huko India mtihani wake unafanywa ukiwa umechuchumaa.

Mama yako hakucheka. Alingoja wanyamaze, akanitazama kama mtu aliyeletewa dawa aliyoitafuta siku nyingi. Akasema, "Wambui wangu aliuawa na choo. Kama mtoto wangu anasomea hicho, basi anasoma." Kisha akanituma nichukue kalamu nikuulize mambo mawili: shimo liende chini kiasi gani, na likae mbali na mto kiasi gani.

Ulijibu kwa hatua na kwa futi, ukafurahi sana kwamba mama anafuatilia masomo. Hukujua anafuatilia nini. Ningeweza kusahihisha siku hiyo. Lakini asubuhi yake alikuwa ameshachukua jembe, na Nyakio nyuma yake na karai, na mimi ningebaki nyumbani nikifanya nini? Nilichimba. Wewe huko ulikuwa unaketi chini ya feni na profesa wako, mimi niko ndani ya shimo mpaka kifuani, nasoma barua yako kwa sauti kutoka humo chini, na mama yako amesimama juu na kamba yenye mafundo, akipima kama nimefika. Kila shimo nililofikisha futi zako alinishukuru hivi: "Karanja amefanya kazi." Mimi! Na udongo mpaka kwenye meno!

Tukachimba kimoja, majirani wakataka, tukachimba vingine. Watu hawakuviita vyoo. Waliviita kwa Karanja. Mtu akibanwa alisema, ngoja nipitie kwa Karanja. Mwaka uliofuata wale watoto wa safu yetu hawakuhara kama mwanzo, na kila mama alijua amshukuru nani, na hakuwa mimi.

Nyakio nilimwoa mimi, hilo nalo uandike huko. Lakini sikia adhabu yangu. Miaka yote ya ndoa, mke wangu akiinuka kitandani ananiambia, "Naenda kwa Karanja." Nami najibu, "Haya, msalimie."

Uliporudi na digrii yako tulikuchinjia mbuzi, na katikati ya hotuba mtoto mmoja akavuta nguo ya mama yake akisema anataka kwenda kwa Karanja. Ukainama, ukamwambia kwa upole, "Karanja ni mimi." Akakukatalia huku amebana miguu. Jioni uliniuliza ni kitu gani hicho. Nikakuambia ni heshima ya kijiji. Ulinitazama, ukaacha. Mpaka leo sijui kama ulijua.

Maitu hakuwepo kukueleza. Alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla hujarudi, na hilo ndilo linalonikalia hapa kifuani. Sikumwambia ukweli kamwe. Kuna siku alinishika mkono akaniuliza, "Njuguna, lile neno, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akalikariri mpaka likakaa mdomoni: mazingira, mazingira. Alikuwa akiwafundisha wageni.

Neno lenyewe nilikuja kuelezwa na mjukuu wangu, kutoka kitabu cha shule. Babu, mazingira ni kila kitu kinachokuzunguka. Nikamwambia aondoke na kitabu chake. Kila kitu! Sasa mimi ningemwambia mama yako umevuka bahari kusomea kila kitu? Angenipiga na mwiko. Halafu nikakaa nikafikiri, nikaona kitabu hakikukosea. Nikitazama huku ni wewe, nikitazama kule ni wewe, na nikienda nyuma ya nyumba ndiyo nakukuta kabisa.

Jumamosi walisoma vyeo vyako vyote kaburini. Nilikuonea wivu hata hapo, ukiwa ndani ya shimo ambalo, nakuhakikishia, futi zake hazikutimia. Nililipima kwa macho.

Sasa umeshamfikia Maitu, na najua ataliuliza lile neno, maana alilipenda. Koti langu ulilivaa, na jambo langu moja ulinipa mwenyewe pale kwa Mhindi. Leo nalidai. Usimpe maneno ya profesa. Akikuuliza mazingira ni nini, mwambie ni choo.

Ni mimi rika lako,
mwenye koti.