Karatasi Iliyopungua Kofiani

Kwa Fundi Cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Jumapili, 13 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, tena kwa sauti ya juu, maana najua huko kambini mnakojenga daraja mashine hazinyamazi. Hujambo? Na kifua je? Mara ya mwisho ulisema moshi wa kuchomelea vyuma unakukwaruza koo. Umemwona daktari, au unangoja nipande gari nije nikushike sikio? Sisi huku hatujambo. Mama mguu umepungua kuvimba, na sasa anatembea mpaka kwa jirani, wanagombana kidogo, halafu anarudi, kwa hiyo ujue amepona. Shemeji yako naye ni mzima, anakoroma kama kawaida yake.

Binti yako ni mzima wa afya. Naanza na hilo usije ukashtuka, kwa sababu barua hii karibu yote ni habari zake. Amenipita kwa urefu. Suruali anakata mwenyewe, simsimamii tena, na wapo wateja wakija wanamwulizia yeye, mimi wananipita kama kiti. Kanisani wamempa jina la Redio, kwa kuwa haizimiki. Huo mdomo sijui kaurithi kwa nani, wewe hukuwa msemaji.

Sasa nisikilize. Tarehe mbili Agosti kikundi chetu cha vijana kinasafiri kwenda kuhudumu kwenye makao ya wazee, mwendo wa siku nzima na nusu kwa basi. Tangu mwaka jana mwanao alikuwa haoti kingine. Jumatatu iliyopita akaniambia haendi. Na kosa lilikuwa langu, kwa hiyo nakuandikia kabla hujasikia kwa mwingine akaitia chumvi.

Safari yenyewe ni ya siku kumi. Vijana wataosha wazee na kupaka rangi vyumba, fundi bomba wetu atatengeneza bafu zinazovuja, na mimi na Redio tutashona mashuka na foronya hukohuko. Vijana ni kumi na watatu, nami mlezi wao ni wa kumi na nne. Usicheke. Mchungaji alisema anataka mtu mzima mwenye sauti.

Lakini mchungaji huyu hataki mtu apande basi kwa sababu ana mikono tu. Alitupangia majuma sita ya kujiandaa kiroho. Kila Jumatano tunafunga mpaka jioni, na kila Jumamosi asubuhi tunasoma Neno dukani kwangu, katikati ya vitambaa. Kufunga si mchezo, mdogo wangu. Jumatano ya kwanza tu fundi bomba alikutwa nyuma ya tangi la maji anatafuna mkate, akajitetea eti anauonja kama umeharibika. Tulicheka mpaka njaa ikazidi.

Halafu kuna desturi moja ya kikundi, na hapo ndipo nilipojikwaa. Majina ya wote wanaosafiri huandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa kofiani, kila mtu akachomoa kimoja. Uliyemchomoa umemchukua. Unamwombea kwa jina lake kila asubuhi mpaka siku ya safari, na unamtendea wema bila kuonekana. Siri inatolewa mlangoni pa basi. Mchungaji anasema hatumpeleki mtu ambaye hajaombewa kwa jina.

Utamu wake huujui. Mwalimu wa chekechea alikuta baiskeli yake imejazwa upepo na kufutwa vumbi. Mimi nilikuta cherehani imetiwa mafuta, na chini ya kibati cha bobini ya uzi kuna mstari wa Zaburi. Nilitembea siku nzima nimeinua kichwa kama bibi harusi.

Siku ya kuandika majina nilikuwa napiga pindo la sketi ya watu, mikono imejaa. Nikamwambia Redio, kaa hapo, shika kalamu, mimi nitataja. Nikataja. Fundi bomba, mwalimu, wale wa kwaya, wote. Nikajitaja na mimi, kujisahau sikujisahau. Nilipomaliza nikamwambia basi, kunja. Akakunja. Kofia ikazunguka, mimi nikawa wa mwisho, kutia mkono nikakuta tupu. Unajua nilifanya nini? Nikatangaza mbele ya wote kwamba mimi kama mlezi nitawaombea wote kwa pamoja. Nikajiona mtakatifu kweli.

Basi majuma yakaenda. Kila Jumamosi wenzake wanahadithiana nani kakuta nini, na Redio yeye ndiye wa kwanza kuwashangilia. Likafika juma la tatu, redio ikazimika. Anashona kimya, anakula kimya, mpaka mama akauliza kama nimempiga. Ndipo Jumatatu akaniambia, bila hata kuinua macho, "Shangazi, mimi siendi. Mashuka nitayakata yote, mwende nayo."

Mimi nawe tunajuana, mdomo wangu hauulizi kwanza. Nikampa somo la nusu saa kuhusu wavulana. Alipokuwa hajibu nikambadilishia, nikampa dawa ya tumbo. Akaimeza, maskini, kunistahi tu. Kisha akauliza, "Shangazi, nani kanichukua mimi?" Nikamwambia kwa ukali kwamba hiyo ni siri. Akasema haya, akarudi kwenye mashine.

Alipotoka kwenda kuchota maji nikaanza kuhesabu majina kwa vidole. Kumi na tatu, na mimi nimo. Nikahesabu tena. Nilikuwa nimewataja wote isipokuwa aliyeshika kalamu mbele ya macho yangu. Na ile kofia niliyoikuta tupu, wa kwangu alikuwa yeye.

Unadhani nilimkimbilia nikamwomba radhi? Thubutu! Niliona haya, nikaamua kuziba tundu kimyakimya. Nikachana karatasi, nikaandika kwa mkono wa kushoto, "Nakuombea kila siku. Rafiki yako wa siri." Nikaitia ndani ya kiatu chake pamoja na mkasi mdogo mpya. Nikajisifu kwamba yamekwisha.

Asubuhi akaja nayo mkononi, uso hausomeki. Akasema, "Shangazi, huyu rafiki yangu wa siri anazijua nyonga za mama mchungaji."

Nikaigeuza. Mungu wangu! Nilikuwa nimechana daftari la vipimo. Nyonga inchi hamsini na mbili, mwandiko wangu mtupu, na chini yake nimepiga mstari, aongezewe nafasi ya kukaa.

Nilicheka mimi, akacheka yeye, tukashikana mabega tukavunjika mbavu. Halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, na mimi nikalia. Akasema, "Nilingoja unitaje, shangazi. Nilishika kalamu nikangoja. Ukasema basi, kunja."

Nikamwuliza kwa nini hakusema palepale. Akasema, "Ningesema ungeniandika. Lakini ningejua nimejiandikisha mwenyewe."

Mdogo wangu, nimemlea miaka minne sasa tangu wifi yangu alipotutoka, na nilidhani namjua. Kwa sababu anaongea kutwa nilidhani hana analolinyamazia. Yeye ndiye anayewapangia wenzake viti, anayemkumbusha mchungaji ratiba, anayenitafutia miwani. Mtu wa namna hiyo unamwona kila saa, na huulizi habari zake. Iliniuma sana, nakwambia ukweli.

Jana Jumamosi nilisimama mbele ya kikundi. Nilianza mara tatu, mimi ambaye sikosi maneno kila siku. Nikawaeleza yote kuanzia kofia mpaka mkono wa kushoto, isipokuwa nyonga, maana mchungaji alikuwepo. Nikamwomba Redio msamaha mbele yao.

Hapo ndipo zilipoanza kelele. Kila mmoja anataka kumchukua. Fundi bomba alisimama haraka kuliko anavyosimama ukimwita kazini. Mwalimu wa chekechea akasema atachukua wawili. Mimi nikasema wa kwangu huyo, msiniingilie. Mchungaji akatunyamazisha, akamgeukia yeye, akamwuliza anataka iweje.

Mwanao akasimama. Akasema, "Mmenifurahisha, niombeeni tu, sikatai. Lakini wa kunichukua nataka awe baba."

Mchungaji akakuna kidevu, akasema haijawahi kutokea mtu achukuliwe na asiyesafiri, tena aliye mbali hivyo. Kisha akasema haoni inakatazwa wapi, na akaniambia mimi niliyesahau ndiye nitakayekuandikia.

Niliporudi nyumbani nilizitoa barua zako za mwaka huu, zote tatu, nikazisoma tena. Habari za daraja mnalojenga zimo, mvua imo, kifua chako kimo. Mwishoni kila moja umeandika, wasalimie wote hapo nyumbani. Na anayemsomea mama barua hizo ni yeye, mdogo wangu. Anasoma mpaka mstari huo wa mwisho, halafu anakunja karatasi. Sikulaumu. Nitakulaumu kwa mdomo upi, mimi niliyewaombea wote?

Atakwenda. Ameshasema atakwenda, hata jibu lako likichelewa, kwa kuwa anajua posta ya huko na mwendo wake. Amesema atahesabu siku kumi barua ikufikie, na kuanzia hapo kila asubuhi atajua kuna mtu anamtaja. Leo amerudi kuongea. Tangu asubuhi ameshaniambia namna tatu za kukunja foronya na hajameza mate. Nimefurahi hata sikumkatiza.

Mama anakusalimu na anasema unywe maziwa kwa ajili ya kifua. Shemeji yako anauliza lini utakuja umalizie lile geti uliloliacha nusu. Mchungaji anakusalimu pia, na mama mchungaji, gauni lake limemkaa vizuri sana. Nisalimie binamu yetu dereva hapo kambini, mwambie mkewe amejifungua salama na mtoto ana masikio yake, pole kwa mtoto.

Mungu akulinde juu ya hivyo vyuma, akutunzie macho na pumzi, akurudishe kwetu mzima.

Kikaratasi kimo ndani ya bahasha hii. Safari hii nimekiandika mimi, kwa mkono wa kulia, na nyuma nimekikagua mara mbili. Ni jina ulilompa wewe siku aliyozaliwa, ulipokuja mbio kutoka hospitali kuniambia, na hukuweza kulitamka kwa kulia. Sasa litamke. Kila asubuhi kabla hujavaa miwani ya kazi, lote, na la ukoo, kwa sauti.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye hata ninapokugombeza,
Fundi.